Video Niliyosema Imekufa

Sogeza kiti karibu unisikilize. Nitakueleza kwanza jinsi vyombo vyangu vinavyofanya kazi, maana hapo sina aibu. Aibu inakuja nyuma, na ukishaelewa vyombo utaona vizuri ni ya nani.

Nyumbani kwangu mjini Baraka, kando ya ziwa, chumbani, kuna kisanduku cha wifi, na kwenye mgongo wake nimechomeka diski yenye picha na video zote za familia. Sebuleni kuna televisheni, na chini yake mashine ya michezo ya zamani, ile ya kuchezea mpira kwenye kioo, niliyoachiwa na shemeji yangu alipohamia Uvira. Mashine inaongea na kisanduku kwa hewa. Nikibonyeza maneti, kile kidude cha mkononi chenye vitufe vya kuchezea, inauliza diski ina nini, inaleta orodha ya majina, nachagua moja, na video inacheza sebuleni huku diski imetulia chumbani. Haitumii intaneti. Jirani yangu hakuamini hilo. Kila Jumapili baada ya ibada aliniuliza kama mega zangu za intaneti hazijaisha, nami kila Jumapili nilimweleza upya kwamba ni kama kumwita mtu aliye chumba cha pili: huhitaji yuniti za simu.

Napenda kueleza, ndiyo kazi yangu, nafundisha. Watu wakazoea kuja kutazama harusi zao na kwaya zao kwangu, wakaanza kuniita injinia. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu, anaishi Kazimia. Mume wake alipokuwa mgonjwa, binti yao alimrekodi kwa simu yake mpya, ameketi kitandani, akiwaaga watoto wake kwa Kibembe. Baada ya mume huyo kufariki, simu ile ilianguka ikafa. Kwetu kila kitu kinakufa: redio, mota ya boti, simu. Hakuna anayelia kwa sababu ya neno hilo. Ilibaki kadi ya memori peke yake, na sauti ya marehemu ilikuwa humo tu.

Familia ilipokutana kwangu kumaliza kilio, mama mkubwa alifika na boti, kadi ameifunga kwenye pindo la kitenge. Alitaka dada zake wamwone mume wake na wamsikie. Wageni walikuwa wameshakaa wakingoja. Kwa haraka nikatia kadi kwenye kompyuta, nikanakili video kwenye diski bila kuifungua, nikarudi sebuleni na maneti mkononi kama mtu anayejua.

Orodha ikaja. Jina la video likaonekana. Nikabonyeza, kioo kikabaki cheusi, kisha maneno yakatokea kwamba faili haisomeki. Nikarudia mara tatu. Nyuma yangu mjomba akasema, bila kuinua sauti, "Injinia leo amekutana na mwalimu wake," na watu wakacheka.

Jibu la kweli lilikuwa fupi: sijui. Mimi nikasema, "Hii video imekufa."

Kicheko kikakatika. Mama mkubwa akanitazama.

"Ilikufa saa gani?"

Ningeweza kurudi nyuma hapo. Lakini aliniuliza saa, nami nikatafuta saa ya kumpa. Pindo la kitenge chake lilikuwa bado na unyevu. Nikasema labda maji ya ziwa yaliingia kwenye kadi.

"Basi ni mi nilimuua," akasema.

Hakusema "niliiua", kama mtu anayesema juu ya video. Alisema "nilimuua". Nami nilisikia vizuri, nikazima televisheni. Alipoaga kesho yake nikamshauri, kwa upole kabisa, aifute ile kadi na kuiwekea nyimbo za kanisa. Binti yake akafanya hivyo.

Miezi ikapita. Mwenzangu wa shuleni akaniletea video ya ubatizo kutoka simu yake mpya, na maneno yaleyale yakatokea. Safari hii nyumba haikuwa na watu, sikuwa na wa kumwonyesha ujuzi, kwa hiyo nikaifungua kwenye kompyuta. Ikacheza bila shida. Simu mpya hufunga video kwa namna ambayo mashine yangu ya zamani haikufundishwa. Mtu akiongea Kibembe mbele ya mgeni asiyekijua, hatusemi kwamba ni bubu.

Ndipo nikakumbuka. Nikaitafuta video ya marehemu kwenye diski. Ilikuwa bado ipo, si kwa sababu niliitunza, ni kwa sababu nilisahau kuifuta. Nikaifungua. Baba mkubwa akakohoa, akaomba mto uinuliwe kidogo, akaanza na mtoto wake wa kwanza.

Niliibadilisha iwe ya aina ambayo mashine inaisoma, nikampigia mama mkubwa, nikamwambia nimeitengeneza. Ndivyo nilivyosema: nimeitengeneza. Akaja na boti ya kwanza, na mfuko wa ndagala kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa ajili yangu. Alikuwa ameshawasimulia bamama wote wa botini kwamba mtoto wake ametengeneza kitu ambacho ziwa lilikiua. Nikapokea ndagala. Nikapokea na sifa.

Mume wake alipotokea kwenye kioo, aliweka mkono mdomoni. Kisha akaongea naye, kama vile yuko palepale: "Unisamehe kwa ile maji."

Hapo nikashindwa.

"Mama mukubwa, haikukufa. Maji haikuingia hata kidogo. Ni mi sikujua, nikaogopa kusema."

Aliendelea kumsikiliza mume wake mpaka alipomaliza kumtaja mtoto wa mwisho. Kisha akageukia mlango wa chumba changu, kule kwenye diski.

"Kwa hiyo ile miezi yote alikuwa mule, anaongea peke yake?"

"Ndiyo."

Hakunitukana, wala hakuniambia si kitu. Aliniomba niirudishe mwanzo, nami nikairudisha.

Basi ukiletewa video na televisheni ikaikataa, usitoe hukumu mbele ya mwenyewe. Acha kadi kama ilivyo, ifungue video kwenye kompyuta, na ikikataa hapo pia, mwambie: sijui bado, usifute kitu.