Feni ya Boga

Wateja walioingia kwa fundi cherehani walikuta feni imegeuzwa dirishani, inapuliza uani. Mwenyewe jasho linamtiririka mpaka kwenye kitambaa.

"Fundi, humu tunachemka," alilalamika dada aliyekuja kupimwa gauni. "Unampepea nani huko nje?"

"Mgonjwa," fundi akajibu, pini amezibana midomoni.

Mgonjwa alikuwa boga, kubwa kama gurudumu la lori, limelazwa juu ya mchanga.

Misimu kadhaa fundi alikuwa akihangaika na mbegu za maboga makubwa kutoka nchi za baridi. Joto la hapa na unyevu wake havikuziachia nafasi: majani yalishika ukungu, matunda yakaoza chini kabla mbegu hazijakomaa. Safari hii mche mmoja ulikataa kufa. Alichavusha ua lake alfajiri kwa mkono, akaliwekea kifuko cha barafu jua lilipopanda. Vitumba vingine akavikata, hicho kimoja kishibe peke yake. Sifa za kuwa na boga kubwa hazikumshughulisha. Alitaka mbegu zake, mbegu zilizozaliwa ndani ya joto hili hili.

Kaka yake, mchomelea vyuma, nusura amharibie. Mvua ilipoanza alilionea boga huruma, akalifunika turubai la plastiki na kulikandamiza kwa matofali. Kisha akaenda zake kazini. Mvua ikakatika, jua likawaka. Fundi aliporudi kutoka kupeleka nguo za wateja na kulifunua, mvuke ulimpiga usoni kama amefunua sufuria. Ubavuni mwa boga, kidole chake kikadidimia.

"Umenipikia boga, kaka yangu."

"Si nililikinga lisilowe?"

"Lingelowa, lingekauka. Hapo ulipolifunga lingepumulia wapi?"

Fundi hakukaa kugomba. Alichukua kijiko, akakwangua pale palipolainika mpaka akagusa nyama ngumu, akapaka majivu, akaligeuzia feni. Kaka akaja na vyuma chakavu, akaunda nguzo nne. Fundi akashona vipande vya vitambaa vilivyobaki, vikawa kivuli kilicho wazi pande zote. Boga likavaa rangi kuliko bibi harusi.

Wateja walinuna, wengine wakahamia kwa fundi wa jirani. Feni haikurudi ndani mpaka kidonda kilipofanya gamba, na kikonyo kikakauka kama kuni.

Siku ya kulipasua, futi yake ya kupimia viuno haikulizunguka hata nusu. Hakujali. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mbegu moja, akaing'ata. Ngumu, nene, imejaa. Akacheka peke yake, mikono inachuruzika.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, anajikuna shingo. "Na mimi utanigawia, dada?"

"Nitakugawia," alisema fundi. "Ila turubai lako niletee hapa kwanza, likae kwangu."