Hakuna Santuri Bila Sababu

Harufu ya santuri iliyokaa ardhini miaka sita si ya udongo peke yake. Ni ya kutu ya bati, ya karatasi iliyotafunwa na mchwa, na ukisogeza pua karibu zaidi, ya plastiki iliyowahi kupata joto. Niliinusa nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mjini Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, msimu ule tuliporudi kutoka Zaire, siku ambayo Fundi Rajabu mshonaji alifukua sanduku la chuma nyuma ya kibanda chake na kulifungua mbele ya mtaa mzima. Ninaandika haya kwa sababu mtangazaji mmoja wa redio, kijana ambaye wakati huo hakuwa amezaliwa, alisema majuzi kwamba watu wetu walirudi mikono mitupu na kwamba muziki uliingia Koboko pamoja na simu. Hilo si kweli. Mimi niliyetunza masijala ya serikali hapa Arua kwa karibu miaka thelathini siwezi kuliacha lipite bila kusahihishwa. Muziki tulikuwa nao, ila ulikuwa chini ya ardhi.

Vita vilipotufikia mwaka wa 1980, watu walibeba watoto, unga na mablanketi. Santuri haibebeki na mtu anayekimbia. Inataka kushikwa kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto. Fundi Rajabu alikuwa na sanduku la chuma la kutunzia vitambaa, pekee katika mtaa wetu. Alipita nyumba kwa nyumba akakusanya santuri za majirani, akazifunga kwa mabaki ya kaki, akaandika orodha ya wenyewe kwenye karatasi ya daftari, kila jina na mali yake, kisha akazika vyote pamoja. Tuliporudi, kutu ilikuwa imetoboa sanduku upande wa chini na mchwa walikuwa wameingia. Majalada yalikuwa yameliwa. Zile karatasi za mviringo za katikati, zenye majina ya waimbaji, zilikuwa zimebaki vipande vipande. Orodha yenyewe ilikuwa imebaki pambizo tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; hawakutuambia la kufanya pale daftari linapoliwa na mchwa.

Fundi Rajabu aliamua jambo ambalo hata leo, nikiwa mtu wa ofisi, nalihesabu kuwa la haki. Kila Jumapili mchana, baada ya Wakristo kutoka kanisani na kabla ya sala ya Alasiri, watu walikutana barazani kwake. Gramafoni yake ilitumia betri za tochi, nazo zilianikwa juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu. Zilipochoka, mwimbaji wa kike aliimba kama fahali. Sindano ilikuwa moja tu, na kwa hiyo haikuchezewa. Fundi aliinua santuri moja, akaionjesha sindano mwanzo wake, na aliyeitambua alisimama kueleza alikuwa akiisikiliza kwa nini. Akishatoa sababu, na kama hakuna mpinzani, upande mzima ulipigwa, watu wakapiga makofi, naye akaondoka nayo. Bila sababu, santuri ilibaki kwenye kaki.

Laiti wangalikuwepo hao wanaosema kwamba hatukujua kusikiliza! Dereva mmoja wa lori alidai santuri ya ala ya udi kutoka Juba, akasema alizoea kuuimba upande wake wa kwanza tangu Oraba mpakani, na ulipokwisha alikuwa ameshaiona Koboko. Mwalimu wa hesabu alisimama kwa ajili ya besi peke yake, kwamba ilimfundisha subira. Bi Saida, muuza karanga, mjane mwenye mdomo usiokubali kupumzika, aliipokea yake akisema, "Sababu yangu iko moja. Mwanamume anaimba hapa ndani, lakini haombi chakula." Kila aliyetoa sababu alituachia sote kitu. Nilisikia besi kwa mara ya kwanza siku ile ya mwalimu, ingawa masikio nilikuwa nayo tangu kuzaliwa.

Mimi na Mama tulikuwa tukingoja santuri moja. Baba, karani wa ghala la tumbaku, aliinunua Arua, na aliaga dunia kwa homa tukiwa Zaire. Picha yake hatukuwa nayo. Nguo zake zilikuwa zimekwisha kwa kuvaliwa na wengine. Kila Jumapili tuliporudi nyumbani bila ile santuri nilimwona Mama akitwanga mihogo kwa nguvu isiyohitajika.

Jumapili ya tano au ya sita, Fundi aliiinua. Sindano ilipogusa tu, Mama alisimama. Upande wa pili akasimama Afande Dramani, sajini mstaafu aliyekuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi.

"Hii iko yangu," alisema Afande.

"Iko yetu," alisema Mama.

"Mama Amina, mwenye kuimba ni nani?"

"Jina sijui."

"Nyimbo ngapi upande huu?"

"Sijahesabu."

"Sasa mutu anajuaje kitu yake, kama hata jina hajui?"

Watu walicheka, na kicheko kile kiliniuma. Bi Saida akadakia, "Afande, wewe unajua jina ya kila mutu Koboko. Sisi wote iko wako?"

Afande hakukasirika. Aliwataja wapigaji wote, nani alishika gitaa la pili, nani alikohoa mwishoni mwa upande wa kwanza. Sababu yake, naikiri, ilikuwa nzuri: tarumbeta ya wimbo wa tatu ndiyo iliyomfundisha kuvuta pumzi. Fundi akamgeukia Mama. "Sema sababu, mama." Mama alijivuta ndani ya mtandio wake. Baba ndiye aliyekuwa akisoma majina. Yeye Mama alikuwa akisikiliza tu, na la moyoni hakuweza kulitoa mbele ya wanaume wale. Fundi akaanza kuifunga santuri katika kipande cha kaki, akielekea upande wa Afande.

Nilisimama bila kuitwa, jambo ambalo sikulizoea na ambalo sikulipenda baadaye kwa watumishi wangu wa masijala. Mama alikuwa ameuimba wimbo ule wa tatu miaka yote ya ukimbizi, nami niliujua kama njia ya kisimani. Nikauimba kwa Kilingala nisichokielewa vizuri: ubeti wa kwanza, kiitikio, halafu nikabana midomo na kupiga tarumbeta.

"Ngoja!" Afande aliinua mkono. "Iko bado beti ya pili. Tarumbeta haiingii hapo."

"Inaingia," nikasema.

"Mtoto, mimi nilipiga tarumbeta kabla wewe kuzaliwa."

"Inaingia hapo," alisema Mama, na safari hii alisikika mpaka barabarani. "Siku zote inaingia hapo."

Fundi Rajabu aliwatazama wote wawili. Kisha, bila kuomba ruhusa ya mtu, aliifungua kaki na kuishusha sindano kwenye wimbo wa tatu. Ubeti wa kwanza ukapita. Kiitikio kikapita. Nilikuwa nimeyasema maneno makubwa mbele ya watu wazima, na kama ubeti wa pili ungefuata, Mama angeitwa mwongo na mimi ndiye niliyemtia katika aibu hiyo. Pakasikika mlio mdogo, tak, kama bisi moja inayopasuka kwenye kikaango, na tarumbeta ikaingia.

Fundi alirudisha sindano. Tak. Tarumbeta. Aliifuta santuri kwa upindo wa shati, akaielekeza kwenye jua, nasi tukaona mkwaruzo mwembamba kama unywele ukikata mistari. Mama alikuwa akiusikia wimbo ukiruka ubeti mzima tangu alipoolewa, akaamini kwamba ndivyo ulivyotungwa, na hivyo ndivyo alivyonirithisha.

"Yangu haikuwa na jeraha," alisema Afande polepole.

Fundi aliingiza mkono chini kabisa mwa sanduku, akatoa santuri ambayo hakuna aliyekuwa ameidai. Ilikuwa imejipinda kwa joto kama jani la tumbaku lililokauka. Afande aliisogeza karibu na macho, akasoma herufi tatu zilizosalia katikati. Nilingoja ghadhabu ya askari. Badala yake alishusha pumzi ndefu, akaketi, mabega yakalegea.

"Miaka sita niliogopa nitakufa bila kusikia hiyo tarumbeta tena," alisema. "Kumbe ziko mbili."

"Utasikia kwangu, Afande," alisema Mama. "Kila Jumapili."

"Na beti ya pili?"

"Hiyo utaimba wewe mwenyewe."

Baraza zima lilicheka, na kicheko hiki hakikuniuma. Lakini Fundi hakuiachia santuri. Sheria ilikuwa sheria. Mama alitazama chini, akasema kwa haraka, kama mtu anayeruka kijito: "Ikiimba hii, Baba Amina hakuwa anatoka. Alikuwa anakaa nyumbani." Bi Saida alipiga kigelegele, akaongeza kwamba hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kweli aliyoisikia katika baraza lile. Mama aliibeba santuri mpaka nyumbani kwa mikono miwili, na jioni ile mihogo ilitwangwa taratibu.

Siku hizi naishi mtaa wa Awindiri, hapa hapa Arua. Wapwa zangu wameniingiza katika kundi la simu ambamo kila mmoja hutangaza albamu anayoisikiliza, na chini yake hawaandiki neno. Huweka vimoto vidogo na vidole gumba. Nimewaandikia mara mbili kwamba tangazo lisilo na sababu halina hadhi ya kuhifadhiwa. Jumamosi iliyopita uvumilivu uliniishia, nikaenda kwa kijana wa jirani ambaye spika yake ilikuwa ikitikisa vikombe kabatini mwangu. Aliizima upesi, akatoka nje ameshika simu.

"Shikamoo, Mama. Samahani. Iko sauti sana?"

"Marahaba. Sauti ndiyo, ipunguze. Lakini kwanza niambie, unaisikiliza hii kwa nini?"

Alifikiri, akakuna kichwa, akanitazama kama niliyemwuliza kwa nini anakunywa maji. "Hivi hivi tu, Mama. Naipenda."

Nilifungua kinywa kumkosoa. Kisha nikaona kwamba hakukuwa na Afande upande wa pili wa ua, wala kaki, wala mtu aliyesimama kungoja kumnyang'anya. Sisi tulijifunza kutoa sababu kwa kuwa kila tulichokipenda kilikuwa lazima kithibitishwe. Huyu hajawahi kuulizwa, na Mungu akipenda hataulizwa. Nikamwambia airudishe mwanzo, kwa sauti ya wastani, nikavuta kigoda nikakaa.