Dagaa Niliowashusha Kwenye Lori

Mama mkubwa alinilea tangu nikiwa darasa la tatu, nyumbani kwake Ujiji, na ada yangu ya chuo ilitoka kwenye biashara zake mbili: mawese na dagaa. Mawese aliyanunua Simbo kwa wakulima wenye michikichi. Dagaa aliwanunua wabichi mwaloni Katonga, asubuhi mitumbwi inaporudi, na wanawake sita wakamwanikia kwenye vichanja hadi wakauke. Mara moja kwa mwezi alikodi lori zima kwenda Tabora. Madumu ya mawese yalipangwa chini, viroba vya dagaa vikapandishwa juu, turubai likafungwa, naye akakaa mbele na dereva.

Nilirudi kutoka chuoni na cheti cha uhasibu, nikazunguka na bahasha yangu kwenye ofisi za mjini kwa miezi minane bila kupata kitu. Siku moja mama mkubwa akaniwekea mezani rundo la madaftari ya shule, yale ya mistari, yaliyojaa maandishi yake.

"Umesomea mambo haya," alisema. "Niambie nimesimama wapi. Nafanya kazi sana kuliko zamani, lakini sioni ninachobaki nacho."

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile. Niliingiza kila safari kwenye kompyuta: bei ya kununulia, magunia, kamba, ushuru, malipo ya waanikaji, mauzo. Palipokuwa na doa la mafuta juu ya tarakimu nilimuuliza, naye mara nyingi alikumbuka. Baada ya wiki tatu nilikuwa na majedwali ya miaka minne, na kitu kimoja tu kilinisumbua. Nauli ya lori ilikuwa moja kwa safari nzima. Ili nijue mawese yanaleta faida kiasi gani na dagaa wanaleta kiasi gani, ilibidi niigawe. Nikaigawa kwa idadi ya mizigo. Safari ya kawaida ilikuwa na madumu sitini na viroba tisini, kwa hiyo katika kila shilingi tano za nauli, tatu niliwabebesha dagaa. Ilinichukua dakika chache kuamua hivyo. Nilikuwa na haraka ya kuona jibu.

Jibu lilitoka wazi: mawese yanaleta faida, dagaa wanaila.

Nilimwonyesha mama mkubwa baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimechora michoro, mstari wa kijani unapanda, mwekundu unashuka. Alivaa miwani yake, akaangalia muda mrefu.

"Dagaa?" alisema. "Dagaa ndio waliojenga hiki chumba tulichokaa."

"Zamani, mama. Sasa hivi mawese ndiyo yanawalisha."

"Una uhakika?"

"Hesabu ndiyo inavyosema."

Akavua miwani. "Basi tuache dagaa."

Siku hiyo nilijisikia mtu mzima kwa mara ya kwanza katika nyumba ile.

Kwenda kuwaambia waanikaji alinituma mimi. Aliyewasimamia alikuwa mama wa makamo, ambaye wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na alifanya kazi na mama mkubwa tangu mimi sijaanza shule. Nilimkuta akigeuza dagaa kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amahoro, amani ipo? Mama hajambo?"

"Hajambo. Amenituma." Nikamweleza kwamba tunamaliza mzigo uliopo, halafu basi. Nilitumia maneno ya chuoni, gharama, uzalishaji, nikaona hayafiki popote.

"Tumemkosea kitu?" aliuliza.

"Hapana. Ni hesabu tu."

"Nani amehesabu?"

Nikasema, "Tumehesabu nyumbani." Sikusema ni mimi. Alitikisa kichwa, akarudi kwenye dagaa wake, na wenzake watano waliokuwa wamesimama kusikiliza nao wakarudi.

Mwezi uliofuata lori lilikuja likapakia mawese peke yake. Mama mkubwa alimwomba dereva apunguze nauli, maana mzigo umepungua.

"Mama, lori ni hili hili," dereva alisema. "Ulijaze, ulipakie nusu, Tabora haisogei karibu. Na madumu yako ndiyo mazito, si wale dagaa."

Alipunguza kidogo sana, kwa heshima tu. Nilikuwa nimesimama pembeni na daftari langu la kuhesabia mizigo. Nilirudi ndani, nikafungua kompyuta, nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwanzoni: nikiwaondoa dagaa, ni shilingi gani ya nauli inaondoka nao? Hakuna. Lori lilikuwa likikodiwa kwa ajili ya mawese. Dagaa walikuwa wanapanda juu bure. Chochote walichobakiza baada ya kulipa wavuvi, magunia, ushuru na waanikaji kilikuwa ni msaada kwa nauli ile, na kilikuwa kikubwa. Sasa mawese yalikuwa yanailipa yenyewe, na yalikuwa hayaiwezi.

Huko chuoni tulifundishwa jambo hilo. Nililijibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri.

Sikumwambia mama mkubwa. Nilijidanganya kwamba nasubiri safari nyingine nipate uhakika. Kwa wiki tano nilikula chakula chake huku nikimwona anapiga mahesabu kwa vidole kwenye mkeka, anaanza upya. Alipunguza sukari kwenye chai ya asubuhi akasema ni kwa ajili ya afya yake.

Safari ya pili dereva alimwomba ruhusa apakie mzigo wa mfanyabiashara mwingine kwenye ile nafasi ya juu, akaahidi kumpunguzia tena kitu. Viroba vilipoletwa vilikuwa vya dagaa. Vilishonwa mdomo kwa uzi wa buluu, mishono ya karibu karibu, na ncha imefungwa mara tatu. Tulijua sote wawili ni mkono wa yule aliyewasimamia waanikaji wetu. Mama mkubwa alikigusa kimoja, akamwambia dereva, "Pakia."

Nilimwambia jioni ile, kabla ya magharibi, tukiwa tunachambua mchele. Nilimweleza yote bila kompyuta, kwa punje za mchele: hizi nauli, hizi mawese, hizi dagaa. Nililia katikati, nikaendelea.

Alisema kwa sauti ya chini. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba dagaa hawali faida. Kila nikirudi Tabora, hela ya dagaa ndiyo ilikuwa ya kwanza kumaliza deni la dereva. Nilikuwa naiona kwa macho." Akaendelea kuchambua. "Lakini nilisema, huyu amesoma. Labda kuna kitu chuo kinakiona, mimi sikioni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

Yeye angeweza kunifokea na ningeshukuru.

Kesho yake tulikwenda Katonga pamoja. Vichanja vyetu vilikuwa vimekodiwa na mfanyabiashara yule mwingine. Wanawake wawili kati ya wale sita waliajiriwa naye, kwa malipo madogo kuliko yetu. Wawili walirudi kulima Simbo. Mmoja hakuna aliyejua alipo. Msimamizi alikuwa akimshonea mtu yule viroba kwa malipo ya kila kiroba, na saa nyingine anauza mihogo ya kuchemsha. Nilimwambia mbele ya mama mkubwa kwamba aliyehesabu ni mimi, na kwamba nilihesabu vibaya.

"Ahaa," alisema. Akafuta mikono kwenye kitenge. "Umefanya vizuri kusema."

Mama mkubwa akamwomba arudi. Alikataa kwa adabu, akasema mihogo ni yake mwenyewe, hakuna atakayekuja kumwambia asubuhi kwamba imekwisha. Kisha akatufungia mihogo kwenye mfuko, akakataa pesa, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Tumeanza tena na kichanja kimoja, upande wa mwisho ambako jua linachelewa kufika, na waanikaji wawili wapya ambao bado hawajui kuwageuza dagaa wasivunjike. Mvua za masika zilituharibia mzigo mmoja wote. Nauli ya lori bado inatubana.

Wiki iliyopita mama mkubwa aliniambia kuna mtu Simbo anataka kumlipa mara moja tu ili amwachie wateja wake wote wa mawese. Mama mkubwa anataka nimpigie hesabu kama akubali au akatae, na anataka jibu Ijumaa. Nimeshakwenda Simbo mara mbili, nimekaa na wakulima, nimezungumza na dereva, nimemuuliza yeye mwenyewe maswali mpaka akachoka. Majedwali yako tayari. Leo ni Alhamisi, na bado sijayafungua mbele yake, maana naogopa ataniamini tena bila kuniambia anachokiona yeye.