Ufunguo Mama wa Noah ya Mzee Mwinshehe

Kaka yangu Beda Shigela alizikwa Jumapili baada ya misa ya pili, na gari la mtu likabaki uani kwake, Magomeni ya Kilosa. Ilikuwa Noah nyeupe ya Mzee Mwinshehe wa Mikumi. Vijana waliokuja kufunga turubai la msiba walikosa nguzo upande wa jikoni, wakaikaza kamba kwenye keria ya gari. Basi tukakaa msibani kivulini mwa Noah. Watu walilia. Mimi sikulia. Niliosha masufuria, na kila nilipopita nayo niliona taa ndogo nyekundu ikipepesa ndani, kwenye dashibodi, kama vile gari halikuwa na habari.

Baba yetu alihamia bonde la Kilosa na ng'ombe wake kutoka Usukumani, sisi tukiwa wadogo. Beda hakuwapenda ng'ombe. Alisema ng'ombe hana kitasa. Alipomaliza shule ya msingi alikwenda Kidodi, akawa utingo kwenye malori ya miwa. Dereva wake alikuwa mtu wa kupoteza funguo. Alizipoteza mashambani Ruhembe, alizipoteza mtoni, alizipoteza kilabuni. Beda akachoka kusukuma lori, akatafuta tupa na kipande cha bati nene, akajifunza kuchonga ufunguo kwa kuangalia ule wa zamani. Wa kwanza ulivunjikia ndani ya swichi na dereva akamkimbiza na spana. Uliofuata ukazunguka. Aliporudi Kilosa alikuwa na jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila aina na jina la fundi.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanashuka bandarini kwa wingi. Mtu ambaye baba yake hakuwahi kumiliki baiskeli akawa na gari. Lakini gari nyingi zilifika na ufunguo mmoja tu, na magari mapya kidogo yalikuwa na ujanja wake: ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu, na gari huitambua. Ukichonga ufunguo mwingine unaofanana nao meno yote, utazunguka vizuri, injini itakohoa, kisha itazimika. Taa nyekundu itaendelea kupepesa. Gari limekukataa.

Mjini waliita kazi hiyo kuprogramu. Beda alisema kufundisha. Aliiona Morogoro kwa fundi mmoja, akarudi akaijaribu uani kwake mpaka gari likakubali. Haikuhitaji mashine. Alichomeka ufunguo wa asili, akauchomoa, akauchomeka tena, akafungua mlango wa dereva na kuufunga, akaufungua na kuufunga, kwa mpangilio aliouweka kichwani kama litania. Kisha akachomeka ufunguo mpya na kutulia, mikono magotini, akiitazama ile taa. Ikizimika, ufunguo umefundishwa. Majirani walisimama njiani kumcheka.

"Shigela, hilo gari limekukosea nini? Lipige mara moja liishe!"

"Nalisalimia," alijibu. "Ninyi hamkufundishwa adabu?"

Ufunguo wa asili aliuita ufunguo mama, na huo mpya mtoto. Mtoto huwasha gari lakini hawezi kufundisha mwingine. Mama akipotea, gari halizai tena. Kwa sababu hiyo, mteja akimletea ufunguo mama, Beda hakuuchanganya na vyuma vingine mezani. Aliupachika kwenye rozari aliyovaa shingoni, ndani ya shati, ukakaa hapo mpaka mwenyewe aje kuuchukua. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo hawakuacha kumtania. Magreti, mwenyekiti wetu, alimwita Petro, mshika funguo za mbinguni.

"Petro, siku ile utatufungulia kwa ufunguo au kwa bisibisi?"

"Wewe Magreti nitakufungulia dirishani. Mlangoni huenei."

Ijumaa, siku mbili kabla ya mazishi, Mzee Mwinshehe, ambaye hubeba wageni wa hoteli, alimletea Noah amchongee ufunguo wa pili, akamwachia, akarudi Mikumi kwa basi. Beda alifanya kazi mchana. Jioni alisema kichwa kinamuuma, akavua nguo za kazi, akalala. Alfajiri mkewe Agness alimwamsha kwa sala na hakuamka. Daktari alisema ni presha. Hatukujua kama alikuwa na presha. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Hayo niliyasema kwa mdomo kila mgeni alipofika, na yalitoka vizuri.

Mzee Mwinshehe alikuja kuzika. Alisimama kaburini na kofia yake ya kufuma, akatupa udongo, akaondoka bila kutaja gari. Jumatano akarudi tena na sukari na mchele, akakaa mkekani na wanaume. Nilimpelekea maji ya kunawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje na mama?"

"Tunamshukuru Mungu."

Akaitazama Noah, akatazama pembeni haraka, kama mtu aliyechungulia chumba cha watu. Baba mdogo Jilala, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, alimwona.

"Mzee mwenzangu, gari hili si lako?"

"Ni langu."

"Na wewe umekuja kwa basi?"

"Msiba haujaisha, bwana. Gari halina haraka."

"Gari ndilo linalokulisha. Wageni wa hoteli unawabeba mgongoni? Ufunguo uko wapi?"

Mzee Mwinshehe aliangalia vidole vyake. "Alikuwa nao fundi."

Baba mdogo akamwita Agness. Agness alitoka ndani na kanga begani, akasikiliza swali, na nikaona jibu linamfika kabla hajalisema.

"Huwa anauvaa," alisema. "Kwenye rozari."

Wote tukamgeukia Magreti. Wanaume wa jumuiya walimwosha, na yeye ndiye aliyesimamia kumvika. Alikuwa anapakua ugali. Mwiko ukabaki hewani.

"Rozari mlimvua?" Baba mdogo aliuliza.

"Mama yake alisema asivuliwe."

"Na ufunguo?"

"Ulikuwepo." Magreti aliweka mwiko chini. "Nilidhani kauweka mwenyewe kwa nia. Kwa ajili ya Petro. Si ndivyo tulivyokuwa tukimwita? Nikaona huyu mtu kumbe alikuwa na ibada yake, sisi tunamtania tu. Nikaubusu, nikamlaza nao kifuani."

Hakuna aliyecheka. Kama Beda angekuwepo, angecheka mpaka akae chini.

Mzee Mwinshehe alikuwa amekwisha kuuliza Morogoro. Walimwambia bila ufunguo wa asili itabidi kubadilisha kisanduku chote cha kompyuta ya gari, kiagizwe, na hata hapo hawamwahidi kitu. Aliyasema haya taratibu, baada ya kubanwa sana. Baba mdogo alisimama.

"Basi kesho asubuhi tunafukua. Nitakwenda kwa padri, nitakwenda serikali ya mtaa. Mtoto wa Shigela hawezi kulala na mali ya mtu shingoni."

"Mimi sijaomba hilo," Mzee Mwinshehe alisema. "Astaghfirullah. Sijaomba."

"Hujaomba, lakini nyumbani kwako wanakula nini?"

Mama alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha. Kwa siku zote zile alikuwa akizungumza Kisukuma tu, hata na majirani wasiokijua. Sasa alisema Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Hamtamgusa mwanangu. Jilala, ukichukua jembe, uanze na mimi."

"Shemeji, ni deni la marehemu."

"Nimesema."

Nilikuwa nimesimama na beseni. Nilijua kwamba wakifukua, mama hatakaa tena na ukoo wa baba, na wasipofukua, Baba mdogo hatakanyaga tena uani pale, na jina la Beda litabaki vinywani mwa watu wa Mikumi. Nilijua hayo yote na sikusikia kitu moyoni. Nilitazama gari kwa sababu lilikuwa mbele yangu. Kamba ya turubai ilikuwa imekatisha kioo cha mbele. Nikamwuliza Agness:

"Wifi, Ijumaa gari liliingia limeelekea wapi?"

"Jikoni. Lilinijazia moshi."

"Na sasa?"

Agness aligeuka. Noah ilikuwa imeelekea barabarani.

Beda alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha. Akishafundisha ufunguo, aliuvisha uzi mwekundu, akawasha nao gari, akaligeuza. Hakuligeuza kwa ufunguo mama hata siku moja. Mteja akija alikuta gari lake linatazama barabara, na hapo alijua kazi imekwisha bila kuuliza. Tulilikuta limegeuzwa, tukafunga turubai juu yake, na hakuna aliyewaza.

"Alimaliza," nilisema. "Mtoto yupo. Yupo kwenye suruali ya kazi."

Nguo zake zilikuwa ndani, zimefungwa kwenye shuka chini ya kitanda. Kwetu furushi la marehemu halifunguliwi mpaka siku ya kuanua tanga, ukoo wote ukiwepo, na aliyelifunga ndiye hulifungua. Aliyelifunga ni mama. Baba mdogo alimtazama. Midomo ya mama ilikuwa inakwenda; nadhani alikuwa anasali, au anazungumza na Beda.

"Lete," aliniambia.

Nililiburuta hadi mlangoni. Mama alifungua fundo kwa meno. Suruali ya kazi ilikuwa juu, bado ina umbo la magoti yake. Ilinuka grisi na sabuni ya kipande. Magreti alifunika uso. Mimi nilisubiri nilie, kwa kuwa niliona hapo ndipo mahali pake, lakini halikuja chozi. Mama aliingiza mkono mfuko mmoja, akatoa njugu. Aliingiza mwingine, akatoa ufunguo wenye uzi mwekundu.

Mzee Mwinshehe hakutaka kuupokea. Baba mdogo alimkalia kooni mpaka akaupokea. Aliinama chini ya kamba ya turubai, akaingia, akafunga mlango polepole. Watu wote walisimama, hata waliokuwa wanakula. Nilisogea kwenye kioo cha pembeni nikaiangalia ile taa nyekundu. Ilipepesa. Aliuchomeka. Ikazimika. Injini ikawaka mara moja na kutulia, na turubai lote likatetemeka juu ya vichwa vyetu.

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Mwinshehe.

"Amina," alijibu Magreti.

Nilimweleza kupitia dirishani kwamba huo ni mtoto, gari halitafundishwa mwingine, asije akaupoteza. Aliitikia kwa kichwa. "Mama kalala na fundi. Na abaki naye."

Kisha akazima injini. Alisema hawezi kufungua turubai la msiba ili aendeshe gari; atapanda basi, atalifuata Jumamosi baada ya tanga. Akashuka, akamwendea mama na kumpa ufunguo kwa mikono miwili.

"Nitunzie, dada yangu."

Mama aliupokea. Aliuangalia, akatoa rozari yake ndani ya gauni, akaanza kutafuta mahali pa kuupachika.

"Hapo hapana!" Mzee Mwinshehe na Magreti walisema kwa pamoja.

Baba mdogo Jilala ndiye aliyeanza kucheka. Agness akafuata, akicheka na kulia. Mama mwenyewe alikaa na rozari mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili, mabega yakimtikisika. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu msiba. Mimi nilichukua beseni nikaenda kumwaga maji. Niliporudi nilipitia kwenye kioo cha Noah. Ufunguo ukiwa nje, taa ilikuwa imeanza tena kupepesa.