Nukta za Dhahabu Zisizo na Kipimo

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya madini Mwanza sikuruhusiwa kugusa hadubini. Mkuu wa maabara alinipeleka stoo, mwali wa jua ulipopenya kwenye tundu la bati.

"Unaona vumbi?"

"Naona, mzee."

"Lina ukubwa gani?"

Nikajaribu kulipima kwa vidole.

"Kuona na kujua ni watu wawili," akasema, "na hawajaoana."

Ninyi mnaoanza kazi hii, mwanga una kikomo. Chembe mbili zilipokaribiana chini ya nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, lenzi zetu zilizionyesha kama kitu kimoja. Chembe ndogo zaidi ya hapo haikuwa na umbo. Ila tulipoziba mwanga wa katikati, ukaingia wa pembeni tu, kila chembe iliwaka kama nukta gizani. Ya dhahabu iliwaka kwa kijani au rangi ya chungwa. Mkuu alidai mistari miwili katika kila ripoti: kilichoonekana, na kisichojulikana.

Nilipelekwa Geita, nikarudishwa Mwanza. Biashara huria ikaingia, kila mtu akatafuta leseni ya kuchimba. Mzee Masanja, mfugaji wa ng'ambo ya Busisi, alileta chupa ya maji ya udongo wa shambani kwake. Mkuu alikuwa likizo. Nikatazama tone kwa hadubini: nyota tupu, za kijani na za chungwa!

"Umeziona kwa macho yako?" Masanja akauliza.

"Haya haya, mzee."

"Basi ng'ombe waniage," akacheka.

Niliandika mstari wa kwanza tu. Wa pili ungenitia doa, nionekane sijui kazi. Nukta huonekana kubwa kuliko chembe yenyewe. Dhahabu yote ya chupa ile pengine isingefunika ncha ya sindano. Mzee aliuza ng'ombe wote, hata wa mahari ya mwanawe, akachimba mpaka mwamba ukamkatalia, asipate kitu.

Tulipopunguzwa kazi nilikuwa na miaka arobaini na ushee. Tangu hapo natangatanga, Ilemela mwezi huu, Mkuyuni mwezi ujao. Juzi, kwenye kivuko cha Busisi, nilimkuta Mzee Masanja akiswaga ng'ombe wa mtu mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si wewe uliyeziona?" Akatoa ripoti yangu kwenye nailoni. "Niambie, mwanangu, nilikosea wapi kuchimba?"

"Hukukosea. Mimi niliacha mstari mmoja."

Akanigeuzia karatasi. "Nafasi ipo. Andika."

Nikaandika: Ukubwa haujulikani. Nikamsomea.

Akayahesabu maneno kwa kidole. "Maneno mawili tu?"

"Mawili, mzee."