Fundi na Kanzu Yake ya Kesho

Mimi Ibra mzima hakuna anayeniweza kwa maneno, lakini fundi aliyekuja kulitandika paa letu sponji ngumu za kuzuia baridi na mvua mwanzo nilimkodolea macho tu. Kila kipande anakibandika shavuni, anafumba macho, sijui anasikiliza nini. "Fundi, unakikagua au unakiposa?" namtania. Hacheki. "Hiki kishakunywa maji," anasema kwa sauti ya puani, anakitupa pembeni. Chini ya paa hilo ndo chumba cha shangazi Saliha. Dari ikirowa kifua kinambana, na wanawe washasema ikivuja tena wanamhamishia Maskati. Hataki, lakini sanduku lishafungwa, liko mlangoni.

Alhamisi fundi akamaliza, akalijaza paa maji kulijaribu, akashuka chumbani kwa shangazi. Akaichukua kanzu yake nyeupe, aloipigia pasi kwa sala ya Ijumaa kesho yake, akaitandaza kitandani chini ya dari. "Wallahi fundi, umerukwa na akili!" nikamwambia. Akakaa, mikono mapajani, macho juu. Baada ya alasiri shangazi akaipapasa ile kanzu kutoka kola mpaka pindo, akakitazama kiganja chake: kikavu. "We mpiga domo," akaniita, "nirejeshee sanduku langu ndani."