Mkutano mkuu wa kanisa ulipangwa siku za giza: niliyoyaona Baraka

Wakuu, habari za humu. Haya niliyashuhudia mwenyewe nikiwa mwumini wa kawaida, sina cheo hata cha kufungua mlango wa kanisa.

Nimezunguka sana. Lubumbashi, Kigoma, mwisho Kalemie. Mwaka jana kiu ya nyumbani ikanizidi. Nikapanda boti hadi Kazimia, safari nzima nimekaa juu ya magunia ya mahindi, halafu pikipiki hadi Baraka, vumbi mpaka kwenye meno.

Nikakuta ndiyo wiki ya mkutano mkuu wa mwaka wa kanisa letu. Nikasema acha niingie.

Agenda zilienda vizuri hadi point moja: kanisa dogo la Ubwari, ng'ambo ya ghuba, lifungwe, watu wake wawe wanavuka kusali Baraka.

Nilibatizwa pale. Mama yangu kazikwa nyuma ya ukuta wake.

Nikaangaza macho ukumbini. Hakuna mtu wa Ubwari hata mmoja.

Katibu akasema waliitwa wakakosa kuja: "Tulibaambia, habakukuya. Tupige kura."

Nikanyoosha mkono. Akanitazama. "We ulipotea miaka yote, leo uko na kanisa?"

Mama Riziki, muuza samaki, akamkata. "Wacha aseme. Siku alibatizwa, nguo zake mi njo nilishika."

Watu wakacheka, nikapewa nafasi.

"Pasta, bangekuya namna gani? Mwezi haiko. Saa hii beko na ndagala."

Kwa wasiojua ziwa letu: ndagala, hao dagaa wenu, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mchana ni kulala na kuanika. Mwezi ukijaa, wavuvi wanapumzika. Zamani mkutano ulipangwa kwa kuangalia mwezi.

Pasta, mgeni kwetu, akashika kichwa. "Mi ni mutoto wa Kilembwe. Kwetu muhogo hauulizi mwezi."

"Njo maana munaukula bila samaki," Mama Riziki akasema.

Pasta alicheka kuliko wote, akaisogeza ile point mpaka mwezi ujae.

Wakaja, boti kwa boti. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, akauliza tu, "Siku ya upepo, huyu nimuvushe ziwa juu ya kusali?"

Kura ikapigwa. Mikono ikanyooshwa, kanisa likabaki.

Jumapili iliyofuata pasta alivuka kwenda kuhubiri kule, nami nikamsindikiza. Maskini, alitapika njia nzima, akahubiri ameshika ukuta, na watu wakamwitikia kwelikweli.

Wakaniomba nibaki niwe shemasi. Nilifikiria, wakuu. Lakini nyumba yetu ilishaanguka, na miguu yangu haitulii.

Asubuhi nilipopanda boti ya kusini, wamama walikuwa wanasiriba kanisa lao upya. Wakaniaga kwa viwiko, mikono imejaa udongo. Sirudi tena, na roho imetulia.

Nilichojifunza: mtu asipofika mkutanoni, uliza kwanza siku hiyo yuko kwenye kazi gani.

Kanisani kwenu, tarehe mnaipanga kwa kumwangalia nani? Semeni hapo chini.